Pikapu ya mzee ilikuwa na pumu

Kuna sehemu pale mlima Kitonga, njia ya Iringa, wanaopita ile njia watanielewa, unatoka kwenye kona ukiwa gia ya pili, unaona mbele pamenyooka kidogo, unajiambia haya ngoja niweke tatu, unaweka, gari inaguna mara mbili halafu inaanza kufa taratibu, unarudi pili haraka haraka huku nyuma moshi mweusi umetanda kama kuna mtu kachoma tairi, na kwenye saiti mira unaona malori yamejipanga. Malori jamani! Yale ya tela, yana mzigo wa Zambia, yamekwama nyuma ya pikapu. Nimeishi hivyo miaka sita na Hilux ya mzee.

Yenyewe ni ya 1996, injini 3L, ile ya cc 2,779, dizeli ya kawaida isiyo na turbo, ile feni ya kusukumia hewa ndani ya injini. Dashibodi inasoma kilomita 412,000 ila kamba ya spidomita ilikatika ikakaa hivyo zaidi ya mwaka kabla mzee hajanikabidhi, kwa hiyo namba ya kweli anaijua Mungu. Kazi yake ni kushusha viazi mviringo kutoka Njombe kwenda Dar na kupandisha bati, saruji na vikorokoro vya duka. Kwenye makaratasi hiyo injini ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 91. Tisini na moja, na hapo ni usawa wa bahari, ikiwa mpya, kwenye mashine ya kupimia, haina gunia hata moja nyuma.

Sisi tuko Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari. Huku hewa ni nyepesi, kanieneo yake ni pungufu kwa kama moja ya tano ukilinganisha na Dar, na injini isiyo na turbo inavuta hewa ile inayoikuta tu, haina namna ya kujiongezea. Sasa pampu ya dizeli ya zamani kama hii yangu haijui kama uko Njombe au uko Kigamboni, inapiga mafuta kiasi kile kile. Mafuta ni yale yale, hewa imepungua, ndo unapata ule moshi mweusi ambao kila mtu anakwambia "kaka nozeli hizo", yani vile vipuliza mafuta kwenye silinda. Nimebadilisha nozeli mara mbili. Moshi upo. Kumbe gari haina shida ya nozeli, ina pumu.

Nakumbuka nilivyomwambia mzee nataka kuifunga turbo akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo gari imezeeka kama mimi, unataka ikimbie iende wapi?" Nikamwambia baba sitaki ikimbie, nataka ipumue. Akasema haya, ila ukiiua utanilipa.

Fundi wangu naye wazo lake lilikuwa tofauti, alitaka nitoe injini yote niweke 1KZ, dizeli nyingine ya Toyota, ambayo inakuja na turbo yake kabisa. Mafundi wengi watakwambia hivyo na wana hoja. Lakini ukipiga hesabu ya injini, mauntingi, waya, gearboksi ikae vipi, halafu uende kubadilisha namba ya injini kwenye kadi, unajikuta umenunua gari nyingine bila kupata gari nyingine. Nikakataa.

Turbo yenyewe sio mambo ya juzi, Mswisi mmoja anaitwa Alfred Büchi alisajili hilo wazo mwaka 1905. Moshi wa ekzosi ambao ulikuwa unapotea bure unazungusha feni ndogo, hiyo feni imefungwa kwenye shafti moja na feni nyingine upande wa pili, hii ya pili inasukumia hewa ndani ya injini. Basi. Wenzetu Marekani kwenye pikapu zao za petroli wanapenda supachaja, ile inazungushwa na belti kutoka kwenye krenki, inaitika hapo hapo ukikanyaga ila inakula nguvu ya injini yenyewe ili ikupe nguvu. Na petroli ukiibana sana inawaka kabla ya wakati wake, inagonga, pistoni inatoboka. Dizeli ya zamani inavumilia zaidi, hewa ikizidi yenyewe inashukuru tu. Kinachoiua dizeli ni mafuta yakizidi, maana mafuta yakizidi ni joto. Hili lishike, nitalirudia.

Sasa kabla ya kununua chochote tukapima kompresheni, yani silinda zinabana hewa kwa nguvu kiasi gani. Hapa ndo watu wengi wanaruka, anaona turbo inauzwa bei poa anaichukua, gari ikifa anasema turbo ni mbaya. Tukatoa hita plagi, tukafunga geji kwenye silinda moja moja injini ikiwa ya moto. Manyuo ya hizi injini inataka kilo 32 kwa sentimita ya mraba zikiwa nzima, mwisho wa kuvumilia ni 20, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 5. Mimi nilipata 27, 26, 27, 24. Imechoka ila haijafa, na imechoka kwa usawa, hilo ndo nililokuwa naliomba. Ingekuwa 29, 28, 29 halafu moja 19 ningeacha hapo hapo nikafungue injini kwanza.

Tukafanya na kipimo kingine cha uswahilini kabisa. Gari ikiwa sailensi, yani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, unafungua kifuniko cha oili unakiweka juu ya tundu bila kukikaza. Kikikaa kinatetemeka kidogo ni sawa, kikirushwa ujue ringi za pistoni zinapitisha presha nyingi kwenda chini kwenye krenki. Changu kilikuwa kinacheza, kinazunguka zunguka kama sahani iliyodondoka, ila hakikuanguka. Fundi akasema "inapumua kidogo, kawaida". Nikaridhika. Hiyo "kidogo, kawaida" ilikuja kunitokea puani baadaye, subiri.

Turbo tulipata ya CT20, ile iliyokuwa kwenye 2L-T, injini ya Toyota yenye turbo, pamoja na manifodi yake, yani bomba la chuma linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, imetoka kwenye injini ya mtumba ya Japani. Uzuri ni kwamba 2L na 3L ni ndugu, manifodi ya 2L-T inakaa kwenye hedi (kichwa cha injini) ya 3L bila kuchomelea mapambo. Ukienda kununua turbo iliyotumika shika ile shafti. Ikicheza kidogo kwenda pembeni sio kesi, ikiwa kavu haina oili lazima icheze kidogo. Ila uivute na kuisukuma kwa urefu, mbele nyuma, hapo usisikie kitu. Ukisikia "tik" irudishe mezani umsalimie muuzaji uondoke. Na angalia mapanga ya feni kama yana makovu. Nilikataa mbili, nikachukua ya tatu, laki saba na manifodi.

Laki saba. Kichwani nilikuwa nimeshajiambia kazi imeisha, kilichobaki ni bolti.

Rejeta ikaja kwanza. Nguvu ikiongezeka joto linaongezeka, na rejeta yangu ilikuwa nusu ya matundu yameziba kwa miaka ya kuongezwa maji ya mtoni, laki tatu na themanini ikaenda hapo. Na hedi za familia hii ya L zina sifa ya kupasuka kati ya valvu, 2L-T ndo ilijulikana zaidi, sasa mtu unaongeza joto kwenye hedi ya aina hiyo halafu rejeta imeziba unategemea nini? Klachi nayo, nikaona kuliko nije nikwame Ruaha Mbuyuni kwenye lile joto nanusa klachi inaungua katikati ya wauza vitunguu, bora niweke mpya kabisa. Geji mbili, moja ya presha ya turbo na moja ya joto la ekzosi. Mabomba, ekzosi pana zaidi, sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kushushwa na kuchomelewa. Oili mara mbili. Ufundi. Nilipojumlisha ikafika karibu milioni mbili na nusu, turbo yenyewe ndani yake haifiki hata theluthi.

Fundi alitaka kuweka gasketi mbili za hedi ili kompresheni ishuke, maana hii injini inabana mara 22 na akaona ukiongeza turbo juu yake itazidi. Wazo ni la kweli, njia ndo ya hatari. Gasketi za hizi injini zinakuja kwa unene wa aina tatu, zimeandikwa B, D na F, unachagua kulingana na pistoni zinavyochomoza juu ya bloku, sasa ukipandanisha mbili umetengeneza sehemu ya kuvujia maji na presha kwa mkono wako. Na gari ikianza kuwaka kwa shida asubuhi kwenye baridi la Njombe mwezi wa saba, utaniambia. Nikasema hapana, hedi haiguswi, tunaweka presha ndogo tu. Nusu baa, na baa moja ni karibu sawa na kanieneo ya hewa ya Dar. Pale Njombe hewa ni kama 0.8, ongeza 0.5 inakuwa 1.3. Yani kwa kiasi kikubwa nalipwa deni langu la hewa ambayo mlima ulininyang'anya, na chenji kidogo juu.

Akaniuliza na intakula je? Hiyo rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo, maana hewa ukiibana inapata moto, shika pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi utaona. Nikamwambia kwa nusu baa tuiache, nikiongeza na intakula itakula kwangu. Tulicheka sana siku hiyo, utani wa kizembe lakini ndo huo.

Ile geji ya joto la ekzosi ndo kitu ambacho nikiambiwa nirudie hii kazi nikiwa na hela ya kitu kimoja cha kuongezea ningenunua hicho. Kipima joto chake kinaingia kwenye manifodi kabla ya turbo. Toboa manifodi ikiwa chini mezani, sio kwenye gari, chembe moja ya chuma ikiingia kwenye yale mapanga yanayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika umemaliza. Mshale wa maji kwenye dashibodi unakwambia habari ya jana, ukipanda huo pistoni zimeshapata habari zamani. Aluminiamu tupu inayeyuka kwa nyuzi 660. Pistoni haifiki joto la moshi kwa sababu inapozwa pozwa na hewa mpya na oili, lakini ndo ujue unacheza karibu na nini. Mimi mwisho wangu ni 680, nikiiona naachia mguu hata kama nina basi nyuma linapiga honi.

Siku ya kwanza tuliiwasha bila kugusa pampu kabisa. Mafuta yale yale ya zamani, hewa imeongezeka. Naomba yeyote anayefanya hii kitu aanzie hapo. Tulipanda kilima cha kuingia mjini na gunia kumi za viazi na nikatoa kichwa dirishani kuangalia nyuma, hakuna moshi. Hakuna! Miaka sita nimetukanwa na waendesha bodaboda kwa ule moshi. Na joto la ekzosi nalo lilikuwa chini kuliko nilivyotegemea, halikufika 600. Ndo ile niliyosema, hewa inapoza, mafuta ndo yanachoma.

Wiki mbili nilikuwa mfalme.

Wiki ya tatu ikaanza kutoa moshi wa bluu. Mwanzo asubuhi tu, baadaye kila nikitulia sailensi muda mrefu halafu nikikanyaga, puuu, wingu. Oili inapungua lita nzima kwa safari. Nikafungua bomba la hewa linalotoka kwenye turbo nikaingiza kidole kikatoka kimelowa oili. Kila niliyemuuliza akasema sili za turbo zimekwisha, umeuziwa mbovu. Kwa wasiojua, hili sio la kuchezea, dizeli ikipata oili ya kutosha kwenye hewa inaweza kuanza kujiendesha kwa hiyo oili, unazima switchi haizimi, inapanda resi yenyewe mpaka ipasuke. Ikikutokea ziba njia ya hewa kwa ubao, sio kwa mkono wako tafadhali, au weka gia kubwa ukanyage breki uachie klachi ife. Mimi haikufika huko ila nilianza kulala na wasiwasi, nikawa natembea na kipande cha ubao chini ya siti.

Nilikuwa nimeshatuma hela ya nusu kwa ajili ya turbo nyingine, ndo akaja fundi mmoja mtu mzima kuangalia gari ya mtu mwingine pale gereji. Hakushika turbo hata kidogo. Akainama akaangalia mpira wa kurudishia oili, ule unaotoka chini ya turbo kwenda kwenye sampu. Akauliza huu nani kaufunga hivi? Ulikuwa umepinda karibu na chesisi, umekunjika kidogo kama shingo ya kuku. Oili inaingia kwenye turbo kwa presha ya pampu lakini inatoka kwa kudondoka tu, haina anayeisukuma, lazima bomba liwe nene na lishuke moja kwa moja bila kona na liingie juu ya usawa wa oili. Ikikosa pa kwenda inarudi nyuma inapita kwenye sili hata kama sili ni nzima.

Halafu akafungua kile kifuniko cha oili akakiweka juu ya tundu. Safari hii hakikucheza, kiliruka kikaanguka kwenye betri. Akasema "hii injini inapumulia wapi?" Tukafuata bomba la kupumulia, limeziba uji mweusi mgumu wa miaka ishirini na kitu. Yani ile pumzi ya ringi zilizochoka, ile "kidogo, kawaida", baada ya turbo imeongezeka, imekosa njia ya kutoka juu, imejaa kwenye sampu, sasa oili ya turbo ikitaka kushuka inakuta chini kuna presha inayoisukuma juu. Turbo ilikuwa haina kosa lolote. Injini yangu ya kizee ndo ilikuwa inamtemea.

Mpira mpya mnene, elfu thelathini na tano. Bomba la kupumulia kusafishwa, na kopo la kukamatia ule mvuke wa oili, ambalo tulitengeneza wenyewe kwa chupa ya chuma na stiili wuli ndani. Moshi wa bluu uliisha ndani ya siku tatu, ile oili iliyobaki kwenye mabomba ilipomaliza kuungua. Hela niliyotuma nilirudishiwa pungufu, tusiongelee.

Baada ya hapo ndo tukagusa pampu. Nyuma ya pampu kuna skrubu ya mafuta yenye nati ya kufungia, robo mzunguko pale ni mbali sana, sisi tulizungusha moja ya nane tu, sailensi ikapanda tukaishusha. Joto kwenye mlima likafika 640, 650. Moshi kidogo sana wakati wa kubadili gia. Fundi alitaka tuongeze na nyingine moja ya nane, "bosi bado inadai". Najua inadai. Nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikapaka kwenye nati na skrubu kwa pamoja, mtu akigusa tu inapasuka naona.

Kitonga sasa napanda gia ya tatu sehemu ambazo nilikuwa na pili, na ile kona niliyoanza nayo natoka nayo bila kuguna. Kwenye tambarare sijaona tofauti kubwa, na mafuta inakula karibu yale yale, wanaosema turbo inapunguza ulaji labda wana mguu mwepesi kuliko wangu. Oili nilikuwa namwaga kila 5,000, sasa ni 4,000. Na nikimaliza mlima sizimi gari hapo hapo, turbo inakuwa imeiva na oili iliyotulia ndani yake inaungua inakuwa mkaa, kwa hiyo nikifika Ilula nashuka nanunua nyanya injini ikiwa sailensi, nikimaliza kubishana bei turbo imepoa. Mke wangu analalamika nyumbani nyanya zimezidi.

Mzee mwanzoni hakutaka hata kuigusa. Mwezi uliopita akaniomba aende nayo Makambako kupeleka mbegu, akarudi jioni, akapaki, akakaa ndani kama dakika mbili injini inaunguruma, nadhani nilimwambia habari ya kusubiri ipoe, halafu akatoka hajasema kitu ila anatabasamu. Akaiomba tena wiki iliyofuata. Na tena.

Juzi nimefungua boneti kuangalia oili kabla ya safari. Rangi ya kucha imepasuka katikati, nati imesogea kiasi. Hii gari tunaiendesha watu wawili tu, mimi na mzee wa miaka 71. Nikamuuliza, akaendelea kumenya muwa wake bila kuniangalia.

"Nimeongeza kidogo tu," akasema. "Ilikuwa bado inadai."